Jinsi ya Kuutoa Utafiti wa Umma Kabatini na Kuufikisha Sokoni

Ofisi yangu imo ndani ya taasisi ya utafiti inayoendeshwa kwa fedha za umma. Asubuhi wanaingia watafiti, mchana wanaingia watu wa kampuni. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilichogharamiwa na kodi kinageuka kuwa bidhaa, ajira na mapato, na kwamba sehemu ya ajira hizo inabaki pale utafiti ulipofanyika. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi kama hii, na kwa mtafiti anayejiuliza aanzie wapi.

Kabla ya taratibu, shika jambo moja: ujuzi unafika sokoni ukiwa vichwani na mikononi mwa watu. Hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi mpya kwa muda fulani), leseni na mikataba ni ulinzi wa safari hiyo. Ukizipa karatasi bajeti yote na watu wasipate kitu, utabaki na kabati lililojaa. Marekani walifika hapo. Kabla ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, serikali yao ilikuwa na takriban hataza 28,000, na zilizopewa leseni ya kibiashara hazikufika asilimia 5. Sheria hiyo iliruhusu vyuo na kampuni ndogo zilizofanya utafiti kwa fedha za serikali kubaki na umiliki wa uvumbuzi wao, na ikavibana vyuo vigawane mapato na wavumbuzi. Kwa maneno mengine, ilimpa sababu ya kuhangaika yule mtu aliyekuwa karibu zaidi na ujuzi.

Saa ya kwanza na mtafiti

Mtafiti akiingia ofisini anakuwa na hamu ya kueleza kitu chake kinavyofanya kazi. Msikilize, lakini anza kwa kumwuliza: umeshamwambia nani?

Mmoja alikuja kwangu na bango la mkutano limeshachapwa, limeviringishwa ndani ya mrija wa plastiki, na mkutano ulikuwa karibu. Tulilitandaza mezani tukalisoma mstari kwa mstari. Grafu za matokeo tuliziacha. Kisanduku cha mbinu, chenye joto na muda wa kuchomea kauri, tulikifunika kwa karatasi nyeupe iliyokatwa kwa kipimo chake na kubandikwa bila kasoro. Alikwenda mkutanoni akazungumza na kila aliyetaka kuzungumza naye, na ombi la hataza likaingia baadaye likiwa safi. Mtafiti anahitaji kuchapisha ili apande cheo. Ukimfanya aone ofisi yako ni ya kumziba mdomo, mara ya pili hatakuja.

Ulaya na sehemu nyingi za dunia, chochote kilichotolewa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa kinaua upya wa uvumbuzi: bango, mhadhara, hata tasnifu ya mwanafunzi iliyokwisha kuwekwa rafuni maktabani. Marekani wanatoa nafasi ya mwaka mmoja kwa mvumbuzi mwenyewe. Nafasi hiyo ndiyo iliyookoa, kwa tundu la sindano, mbinu ya kuunganisha vipande vya jeni ya Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Walichapisha Novemba 1973. Niels Reimers, aliyekuwa akiongoza ofisi ya leseni ya Stanford, alizipata habari hizo gazetini mwaka uliofuata. Ombi liliwasilishwa Novemba 1974, siku chache kabla mwaka haujatimia. Marekani lilikubaliwa, kwingineko mlango ulikuwa umeshafungwa. Basi usingoje gazeti. Tembea maabarani, keti kwenye semina zao za ndani, jua nani anaandika nini.

Ombi la kwanza likishaingia, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukiwa bado na tarehe ile ile ya kwanza. Ukipita kwenye mfumo wa kimataifa wa PCT, gharama kubwa za nchi moja moja unaweza kuzisogeza hadi mwezi wa 30 tangu tarehe hiyo. Miezi hii ndiyo ya kutafuta mnunuzi, na ni kosa kubwa kuikalia. Ukifika mwezi wa tisa na hakuna hata kampuni moja iliyokaa chini na mtafiti, itisheni kikao mjadili kwa uwazi kama kuna haja ya kuendelea kulipia.

Katika saa hiyo hiyo, andika orodha ya kila aliyeshiriki: wanafunzi, fundi wa maabara, mgeni aliyekaa muhula mmoja, mfadhili, na taasisi iliyotoa sampuli. Omba nakala ya kila kilichosainiwa. Kazi hii inachosha, lakini kuiruka kuna gharama. Mtafiti mmoja wa Stanford alikuwa amesaini na chuo kwamba anakubali kuja kukabidhi uvumbuzi wake. Kisha alikwenda kujifunza PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, katika kampuni ya Cetus, na kule akasaini kwamba anakabidhi, tangu wakati ule, haki za kitakachotokana na ziara yake. Kampuni ya dawa ya Roche iliinunua biashara ya PCR ya Cetus. Kesi juu ya kipimo cha kiasi cha virusi vya UKIMWI ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, chuo kilishindwa. Mahakama ikaamua kwamba Bayh-Dole haiihamishii taasisi haki za mvumbuzi yenyewe kwa yenyewe. Kasome mkataba wa ajira wa taasisi yako. Ikiwa umeahidi tu kwamba mfanyakazi atakuja kukabidhi, mpelekee mwanasheria auandike upya ili ukabidhi uwe umekwisha kufanyika siku ya kusaini.

Kufunga au kuachia

Si kila kitu kinahitaji hataza, na si kila hataza inahitaji kampuni moja tu. Mimi najiuliza hivi: nani atalazimika kutoa fedha nyingi kabla ya kuuza kitu cha kwanza? Dawa mpya inahitaji majaribio kwa wagonjwa ya miaka mingi, na hakuna atakayetia fedha hizo bila kuhakikishiwa kwamba jirani hatanakili. Hapo mpe kampuni moja haki ya pekee. Lakini mbinu ambayo kila maabara inaweza kuanza kuitumia mara moja, wape wengi kwa bei nafuu. Mbinu ya Cohen na Boyer ilifanyiwa hivyo: kuingia ilikuwa dola 10,000, kila mwaka dola 10,000, pamoja na mrabaha mdogo kwenye mauzo. Kampuni 468 zilichukua leseni, na hadi hataza ilipokwisha muda mwaka 1997 vyuo vilikuwa vimeingiza takriban dola milioni 255. Bei ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba kwa kampuni kulipa kulikuwa rahisi kuliko kugombana mahakamani.

CERN, maabara ya fizikia ya nchi za Ulaya, walikwenda mbali zaidi. Tarehe 30 Aprili 1993 waliiweka programu ya wavuti mikononi mwa umma bila malipo. Mfumo wa mawasiliano hupata thamani kwa wingi wa wanaoutumia, na ada hata ndogo ingewapeleka watu kwa washindani. Hatua ile ilikuwa sahihi. Wakati huo huo katika CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, kundi la John O'Sullivan lenye mizizi katika astronomia ya redio waliwasilisha ombi la hataza juu ya mtandao wa ndani usiotumia waya, mwaka 1992. Mbinu ile ikaingia kwenye viwango vya Wi-Fi, na baada ya kesi ndefu kampuni kubwa zililipa jumla ya zaidi ya dola milioni 400 za Australia. Fedha ni nyingi, lakini ziliingia kwa njia ya mawakili, na vifaa vyenyewe kwa sehemu kubwa viliundwa na kampuni za kwingine. Kama lengo lako ni ajira karibu na maabara, hataza peke yake haikufikishi.

Pale katikati

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo utafiti mwingi mzuri unapofia. NASA, shirika la anga la Marekani, waliunda ngazi za ukomavu wa teknolojia, ambazo leo zinahesabiwa kuwa 9. Ruzuku za utafiti hulipia ngazi tatu za chini. Wawekezaji huanza kusogea kitu kikiwa kimefika ya saba. Ngazi ya nne hadi ya sita hazina mwenyewe: kwa jarida la kisayansi si jambo jipya tena, na kwa benki bado ni ndoto.

Penisilini, dawa ya kuua bakteria inayotokana na ukungu, inaonyesha kazi ya katikati ilivyo. Fleming aliiona mwaka 1928. Zaidi ya miaka kumi baadaye, huko Oxford, watafiti Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walikuwa wameshaona kwamba inatibu, lakini walikuwa wanaikuza hata kwenye vyombo vya haja vya wagonjwa na haikuwatosha. Julai 1941 Florey na Heatley walikwenda Marekani. Heatley akabaki Peoria, Illinois, katika maabara ya Wizara ya Kilimo, akifanya kazi na Andrew Moyer. Maabara ile ilijengwa kutafuta matumizi mapya ya mazao ya eneo lake, na ilikuwa na maji mazito yanayobaki viwanda vya wanga vinapoloweka mahindi. Wakayatia kwenye chakula cha ukungu, na mavuno yakapanda mara nyingi. Mwaka 1943 tikiti lenye ukungu lililotoka sokoni hapo Peoria likatoa aina iliyozaa kuliko zilizotangulia. Machi 1944 kampuni ya Pfizer ikafungua huko Brooklyn kiwanda cha kuichachusha kwenye matangi makubwa.

Angalia nani alifanya nini. Wagunduzi hawakuwa wajuzi wa kuchachusha. Wajuzi wa kuchachusha hawakuwa wagunduzi. Na aliyewaunganisha ni mtu aliyesafiri, akavaa koti la maabara, akakaa. Ripoti ya Oxford ingetumwa kwa posta peke yake, maji ya mahindi yasingekutana na ukungu ule mapema hivyo.

Kwa hiyo ombi la ruzuku linapoandikwa, dai bajeti iwe na mstari wa mhandisi wa uzalishaji, mtu ambaye kazi yake ni kukuza kipimo kutoka chupa hadi pipa. Dai pia fedha za kurudia. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: mpe maandishi ya mbinu mtu ambaye hakushiriki kabisa, mfungie mvumbuzi mlango, na umwone kama atapata matokeo yale yale. Mara nyingi hapati. Ndipo inapogundulika kwamba mvumbuzi alikuwa anatikisa chupa kwa namna fulani, au anangoja rangi ibadilike, na hakuwahi kuandika. Ujuzi huo wa mkononi ndio bidhaa yenyewe, na ni lazima utoke mkononi uingie kwenye maandishi, au mwenye mkono aende nao kiwandani. Kisha rudia kwa malighafi ya kiwandani badala ya kemikali safi za maabara. Uchafu kidogo kwenye malighafi umeshavunja miradi iliyokuwa imeng'ara kwenye makala.

Kama unashiriki kupanga sera, tazama taasisi ya utafiti ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949. Takriban theluthi moja ya fedha zake za utafiti ni ruzuku ya msingi ya serikali. Zilizobaki inazitafuta kwa mikataba ya viwanda na miradi ya umma inayoshindaniwa. Watafiti wake wanaishi katika ngazi hizi za katikati kwa kudumu, na kiwanda kidogo kisicho na maabara yake kinajua mlango wa kubisha.

Mnunuzi wa kwanza

Nenda mwenyewe kiwandani, usitume barua pepe. Na ukifika, usimtafute mkurugenzi peke yake. Tafuta msimamizi wa uzalishaji. Mkurugenzi atakuuliza faida. Msimamizi ataangalia kifaa chako, atapapasa bomba la kuingizia, kisha atauliza: "Kufunga hii, nasimamisha laini kwa muda gani? Ikiharibika usiku, nani anakuja?" Maswali hayo mawili yameua mikataba mingi niliyoishuhudia kuliko bei. Mtafiti awepo akiyasikia kwa masikio yake, kwa sababu jibu lake linabadilisha muundo wa kifaa, na mapema ni nafuu.

Kuna wakati mnunuzi wa kwanza anapaswa kuwa serikali yenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1960 chipu za kompyuta zilikuwa ghali na hazijaaminika. Waliochukua sehemu kubwa ya zile za mwanzo Marekani ni mradi wa kombora la Minuteman II na kompyuta ya kuongozea Apollo, chombo cha kwenda mwezini. Viwanda vilijifunza kwa oda hizo, bei ikashuka, soko la raia likafunguka. Kama hospitali za umma, mamlaka za maji au shule zinaweza kutumia teknolojia yako, kaa na wanaoandika zabuni kabla hazijatangazwa, uwaeleze kinachowezekana sasa. Wakielezea matokeo wanayoyataka badala ya aina ya mashine waliyoizoea, kitu kipya kinapata nafasi ya kushindana. Fanya hivyo kwa uwazi, kwenye kikao chenye kumbukumbu, na washindani wakipewa taarifa hizo hizo.

Vifungu vya leseni ambavyo siviachi

Kampuni changa haina fedha taslimu, hivyo chukua hisa kidogo badala ya ada kubwa ya kuanzia. Stanford walipokea hisa kwa ajili ya hataza ya mbinu ya utafutaji ya Google, na walipoziuza walipata dola milioni 336. Usijenge bajeti juu ya ndoto hiyo, hata hivyo. Ofisi nyingi kama yetu hazijilipi, na hataza chache mno ndizo zinazoleta karibu mapato yote. Anayemwahidi waziri kwamba ofisi itajiendesha kwa mrabaha baada ya miaka michache anajitengenezea shinikizo la kuuza kila kitu kwa anayelipa haraka.

Kifungu ninachokipigania kuliko asilimia ya mrabaha ni cha hatua za lazima: kufikia tarehe fulani mfano wa majaribio uwe umejengwa, kufikia tarehe nyingine mauzo yaanze, la sivyo haki inarudi kwa taasisi. Bila hicho, kampuni inaweza kununua uvumbuzi ili kuufungia usiisumbue. Punguza pia haki kwa eneo la matumizi. Anayetaka kutengeneza vichujio vya maji hahitaji haki za matumizi ya hospitali. Na taasisi ibakize haki ya kuendelea kufanya utafiti na kufundisha kwa kutumia uvumbuzi wake.

Kubakiza faida karibu

Bayh-Dole ina kipengele ambacho wengi wanakiruka: anayepewa haki ya pekee ya kuuza uvumbuzi ndani ya Marekani anatakiwa bidhaa hizo azitengeneze kwa sehemu kubwa humo humo, isipokuwa apewe msamaha. Unaweza kuandika kipengele kama hicho kwa eneo lako. Ila tahadhari: sharti la kuzalisha mahali pasipo na fundi, umeme wa uhakika wala wauzaji wa vipuri linafukuza mnunuzi tu. Kwanza jenga kinachomfanya mtu atake kubaki.

Taiwan walijenga kwa mpangilio ninaoupendekeza kwa kila anayeniuliza. Mwaka 1973 walianzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI. Mwaka 1976 walisaini na kampuni ya elektroniki ya RCA ya Marekani, na badala ya kununua michoro peke yake walipeleka wahandisi wao wakafundishwe ndani ya viwanda vya chipu. Waliporudi walipewa kiwanda cha majaribio cha kuendesha. Mwaka 1980 watu na teknolojia ya mradi ule wakazaa kampuni ya chipu ya UMC, na mwaka huo huo bustani ya sayansi ya Hsinchu ikafunguliwa karibu na vyuo vikuu viwili na ITRI yenyewe. Mwaka 1987 Morris Chang, aliyekuwa akiiongoza ITRI, akaanzisha kampuni ya kutengeneza chipu ya TSMC. Serikali ikatia karibu nusu ya mtaji, Philips ya Uholanzi ikatia sehemu kubwa ya uliobaki, na wahandisi wakahama kutoka taasisi kwenda kampuni. Ni miaka 14 kutoka taasisi hadi TSMC. Bustani ya utafiti ya Research Triangle, North Carolina, ilianzishwa 1959 na ikangoja hadi 1965 kabla IBM hawajatangaza kuja.

Ukitaka kuanza kidogo, anza na kanuni za utumishi. Mruhusu mtafiti aende kwenye kampuni kwa likizo isiyo na malipo, na nafasi yake imngoje. Wengi hawaondoki kwa sababu kuondoka ni kuruka bila kujua kama watarudi. Waruhusu pia mafundi wa maabara, ambao sera huwasahau wakati wao ndio wanaojua mashine inavyonung'unika kabla ya kuharibika. Fungua vifaa vya kupimia vya taasisi kwa kampuni ndogo kwa ada inayojulikana na foleni inayoheshimiwa. Kaa na chuo cha ufundi kilicho karibu, muwafundishe wanafunzi kwa mashine ile ile itakayotumika kiwandani.

Na siku kampuni kubwa ya mbali itakapotaka kununua kila kitu, usikatae kwa hasira wala usikubali kwa njaa. Omba maabara yao ya uendelezaji wa bidhaa hiyo ikae jirani na taasisi kwa kipindi kilichoandikwa kwenye mkataba, na waajiri mafundi mliowafundisha. Mweke mtafiti wako kwenye timu yao ya kiufundi kwa muda wote wa kuhamisha ujuzi, kwa mshahara wanaoulipa wao. Bei ya ununuzi ishuke kidogo kama ni lazima ili vipengele hivyo viingie. Mwanasheria wao ataviita vidogo na ataomba viwekwe kwenye barua ya pembeni. Viingize kwenye mkataba wenyewe, viwe na tarehe, na kuwe na jina la cheo cha anayewajibika kwa kila kimoja.